Picha za ndege wa karibu ziwe na majina na tarehe, na viota viachwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii ili nizungumzie picha za ndege na wanyama wadogo ambazo wasomaji huzipiga karibu na makazi yao na kuzituma magazetini. Ni picha ninazozipenda, na ningefurahi kuziona zikiongezeka. Kwa muda mrefu wanyamapori waliopewa nafasi kubwa katika kurasa za picha walikuwa simba, tembo na chui, kana kwamba uhai wa porini huanzia kwenye lango la hifadhi. Siku hizi simu na kamera ndogo zimewawezesha watu wengi kuwatazama kwa makini chozi, mnana, shomoro, kinyonga na vipepeo walio nje ya dirisha lao. Hata hivyo yapo mambo mawili yanayonikera. Picha nyingi huchapishwa bila jina la ndege wala tarehe, na nyingine hupigwa kiotani kabisa, makinda wakiwa wazi juani.

Nianze na viota, maana hapo ndipo penye madhara. Kinda wa ndege wengi wadogo huanguliwa akiwa hana manyoya, na kwa siku zake za mwanzo mwili wake hauwezi kujipasha joto wala kujipoza. Joto hulipata kwa mzazi anayemlalia, na kivuli hukipata kwa majani ambayo wazazi waliyachagua tangu walipoanza kujenga. Mpiga picha anayevuta tawi pembeni, au mbaya zaidi anayelikata ili lenzi ione vizuri, huondoa kivuli na maficho kwa mkupuo mmoja. Akishaondoka, majani yaliyotenganishwa na nyasi zilizolazwa hubaki, na kiota kilichokuwa kimefichika kinaonekana na kunguru, paka na yeyote mwingine anayetafuta mayai au makinda.

Ndege mwenyewe hutoa onyo, ila wengi hawalisomi. Mzazi hurudi na kiwavi mdomoni, akatua kwenye tawi la karibu, akageuza kichwa huku na huku, akatikisa mkia na kutoa mlio mfupi ule ule tena na tena, bila kuingia kiotani. Mpiga picha huona amepata bahati, kwa kuwa ndege ametulia mahali penye mwanga na mdomo wake una windo, basi huendelea kubonyeza. Kumbe ndege yule anangoja mtu aondoke, na muda wote huo makinda wanakaa na njaa. Mtu huyo akikawia sana, huenda ndege akakimeza kile kiwavi mwenyewe au akaenda zake. Namwomba Mhariri aliangalie hili hasa, kwa sababu picha inayopatikana kwa namna hiyo huwa nzuri mno, na uzuri wake hauonyeshi kilichofanyika ili ipatikane.

Ndivyo ilivyo pia kwa kucheza sauti za ndege kwenye simu ili dume ajitokeze. Dume huyo hudhani mpinzani ameingia katika eneo lake, huacha kula na kulinda, na huja kupigana na mtu asiyeonekana. Kanuni za maadili za American Birding Association, chama cha watazamaji wa ndege cha Amerika ya Kaskazini, huwataka watu wapunguze matumizi ya sauti zilizorekodiwa na wakae mbali na viota. Sioni kwa nini kurasa zetu za picha zisifuate msimamo kama huo.

Sisemi kwamba kiota kisitazamwe kamwe. Mnana hujenga peupe, kwenye ncha za matawi, na mtu aliye dirishani anaweza kuifuatilia kazi yote bila kumsumbua ndege hata mmoja. Dume huchana ukanda mwembamba wa jani bichi, akaufunga kwenye kijitawi, akaongeza mwingine na mwingine hadi ipatikane pete. Akishaipata husimama ndani yake, na chumba chote hukifuma akiwa hapo. Jike anapopita, dume hujining'iniza chini ya mlango na kupigapiga mabawa. Kiota kisipopata jike hadi majani yakauke na kupoteza rangi ya kijani, mara nyingi dume hukifumua mwenyewe na kuanza upya. Mambo haya hayawezi kuonekana kwa ziara ya asubuhi moja. Yanamtaka mtu anayeutazama mti ule ule wiki baada ya wiki, na hapo mwenye kukaa karibu anamshinda msafiri mwenye lenzi ndefu ya milimita 600, inayovuta vitu vya mbali. Nyumba yenyewe humsaidia, kwa sababu ndege waliokwisha kuizoea hawashtuki kwa mtu aliyetulia nyuma ya pazia.

Sasa nigeukie majina na tarehe, jambo linaloonekana dogo. Mnamo Mei 1911, wakili mmoja Mwingereza aitwaye John Masefield alimvisha pete mguuni mbayuwayu aliyekuwa na kiota kwenye ukumbi wa nyumba yake, katika jimbo la Staffordshire. Desemba 1912 ndege huyo alikamatwa Natal, Afrika Kusini, akiwa bado na pete. Hivyo ikathibitika mahali ambapo mbayuwayu wa Uingereza hukaa wakati kwao kuna baridi. Ushahidi huo ulitoka mlangoni pa nyumba ya mtu, na ulipata thamani kwa kuwa pete ile ilikuwa na namba, na namba ilikuwa imeandikwa pamoja na siku na mahali. Picha isiyo na maelezo hayo humfurahisha mtazamaji, lakini haiwezi kujibu swali lolote.

Wala tusidhani kwamba ndege wa kawaida hawahitaji kuandikwa. Shomoro wa nyumbani, ambaye zamani nchini Uingereza hakuna aliyejishughulisha kumhesabu, alipungua huko kiasi cha kuingizwa mwaka 2002 katika orodha nyekundu ya ndege wanaohitaji uangalizi mkubwa. Mwaka 2019 wanasayansi walieleza kwamba ndege wa Marekani na Kanada wamepungua kwa karibu bilioni 3 tangu 1970, na sehemu kubwa ya hesabu walizozitumia ilitokana na watu wa kujitolea waliokuwa wakiwaandika ndege wa kila siku. Leo mtu mwenye simu anaweza kuweka alichokiona katika kumbukumbu za mtandaoni: eBird ya ndege, iliyoanzishwa 2002, au iNaturalist ya viumbe wa kila aina, iliyoanza 2008. Zote mbili huficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini, na gazeti nalo lingefaa kufanya hivyo. Kwa njiwa au shomoro, jina la mtaa halina hatari, lakini kwa bundi au ndege adimu litajwe jina la mkoa tu.

Najua wapo watakaosema kwamba masharti yatawakatisha tamaa wanaoanza. Sidhani. Asiyejua jina la ndege aseme hajui, na gazeti liandike hivyo chini ya picha. Katika wasomaji hatakosekana wa kumtambua, na jibu lake likichapishwa toleo linalofuata, mpiga picha na wengine wengi watakuwa wamejifunza.

Kwa hiyo naomba kila picha ya aina hii ichapishwe ikiwa na jina la kiumbe, tarehe na eneo, na mtumaji aulizwe alisimama umbali gani na kama aligusa tawi au alicheza sauti. Picha za makinda waliofunuliwa zirudishwe kwa wenyewe, pamoja na maelezo mafupi ya sababu, hata zikiwa ndizo nzuri kuliko zote zilizopokelewa wiki hiyo.

Wako mwaminifu,
Msomaji na mtazamaji wa ndege