Asiye na woga namkalisha karibu yangu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya wiki jana eti watu wanaokuja Jinja kushuka Mto Nile na boti za mpira hawana woga, wengine hata vichwa havijakaa sawa. Mimi ndo nawaongoza hao watu mtoni, mwaka wa 11 sasa, na jamani hapo mmekosea.

Wanaogopa sana tu. Ungekuja asubuhi wakifunga helmeti ungeona, mmoja ameenda chooni mara tatu, mwingine anacheka ovyo, mwingine anauliza mamba wako wapi. Huyo wa chooni ndo nampenda, nikisema piga kasia anapiga, nikisema chini anainama bila maswali. Anayenipa presha ni yule anayesema aah mimi huu mto nimeshashuka zamani, siku hizi ni maji ya kuoga tangu wajenge mabwawa, Bujagali 2012, Isimba 2019 (na hapo hajadanganya, maporomoko mazuri mengi yamezama), basi kamba za jaketi anaziacha zinaning'inia. Huyo namkalisha nyuma karibu yangu nimshike vizuri.

Zamani nilikuwa nawaambia wateja msiogope, tulieni. Wapi! Moyo ukishaanza kudunda hausikii amri ya mtu. Halafu mteja mmoja, mwalimu, akanisimulia utafiti wa Alison Wood Brooks wa Marekani, wa 2014, watu waliambiwa waimbe mbele ya mtu wasiyemjua, kabla ya kuimba wengine wakasema nina wasiwasi, wengine wakasema nina hamu, na hao wa hamu ndo wakaimba vizuri zaidi. Kumbe mwili ni ule ule, moyo unadunda, viganja vina jasho, ni wewe tu unaupa jina gani. Sasa tukikaribia maji ya gredi 5 (ukali wa maji tunaupima gredi 1 hadi 6, 6 ndo kali kuliko zote) nawapigisha kelele wote, tunataka! tunataka! na kasia zisitoke majini, maana mikono ikikaa bure kichwa kinaanza kuhesabu mawe.

Gredi 6 hatushuki, tunabeba boti tunapita kando kwa miguu. Naogopa na mimi, na bosi anajua.

Huyo mwandishi wenu aje Jumamosi, nitamfungia jaketi mwenyewe. Ila asinywe chai nyingi.

Mwongoza boti,
Jinja