Anayeiga ndiye anayekopesheka

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia. Ila habari ya wiki iliyopita, ile mliyomnukuu afisa akisema wajasiriamali wa Mbeya hawathubutu na wanaigana tu, imenikera.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mwanjelwa. Nimeunda mashine ya kuchambua viazi: pipa la nondo linalozungushwa kwa pedali ya baiskeli. Nondo za mwanzo zimebanana, za mbele zimeachana, kwa hiyo vile vidogo vya mbegu vinadondoka kwanza, vya kati vinafuata, vikubwa vinatokea mwisho bila kuchubuka, maana nondo zote nimezivisha mpira wa tyubu. Wakulima wa viazi wa Isyonje, huku huku Mbeya, wameiona na wanaitaka. Nikaenda benki kuomba mkopo wa vyuma. Kijana wa mikopo akadai rekodi ya mauzo ya miezi sita. Mauzo ya nini, na mashine za kuuza ndiyo kwanza naomba hela niziunde? Basi lete hati ya nyumba. Nyumba yangu iko eneo lisilopimwa kama za majirani zangu wengi, hati nitaitoa wapi? Nikageukia mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake: ni ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mimi nina mvi, na mashine nimeibuni peke yangu. Ningetaka kufungua duka la sukari na sabuni wangenielewa, kwa sababu maduka ya hivyo wameyazoea. Halafu mnaandika kwamba tunaigana!

Na lumbesa je, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo? Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini madalali wanalishonea kichwa mchana kweupe, na bei inabaki ya gunia moja. Kiazi safi na kilichokatwa na jembe vinalipwa sawa. Mkulima anunue mashine ya kupanga ubora usiolipiwa?

SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, ipo tangu 1973. Mtaalamu wake akiikagua mashine na kuthibitisha inafanya kazi, benki ipokee barua hiyo, na mashine yenyewe iwe dhamana. Isyonje uwekwe mzani, viazi viuzwe kwa kilo. Na afisa mikopo aje shambani msimu wa mavuno, apige pedali mwenyewe. Akininyima, aninyime akiwa ameiona.

Fundi wa kuchomelea,
Mwanjelwa, Mbeya