Kabla hedi haijaskimiwa, amua kompresheni

Gari likichemsha kati ya Lindi na Mtwara, silinda hedi, yaani kifuniko cha chuma juu ya silinda za injini, hupinda. Mwenye gari anaambiwa hedi itaskimiwa, yaani itakwanguliwa uso hadi inyooke, gasketi mpya ya kuziba kati ya hedi na bloku itawekwa, kazi imeisha. Kumbe kila unywele wa chuma unaokwanguliwa pale unapunguza chemba ya kuchomea mafuta, na kompresheni, yaani uwiano wa kubana hewa na mafuta silindani, inapanda bila mtu yeyote kuamua ipande.

Hesabu yake ni hii: ujazo wote wa silinda pistoni ikiwa chini kabisa, gawa kwa ujazo unaobaki pistoni ikiwa juu kabisa. Chukua 1NZ-FE, injini ya Toyota IST. Bore (kipenyo cha silinda) ni mm 75 na stroki (mwendo wa pistoni) mm 84.7, kwa hiyo pistoni moja inasukuma cc 374. Uwiano wa kiwandani ni 10.5, maana yake juu ya pistoni zinabaki cc 39.4 tu. Skimu mm 0.5, unatoa karibu cc 2, na uwiano unafika 11. Ukiriboa, yaani ukipanua silinda, na kuweka pistoni za ovasaizi zilizozidi kipenyo kwa mm 0.50, unagusa 11.1.

Si ndiyo nguvu yenyewe? Kwa hesabu, kutoka 10.5 hadi 11 faida ni kama asilimia 1. Mguu wako hautaihisi kwenye pedeli. Utakachopata ni injini kugonga.

Mtwara tuko usawa wa bahari. Silinda inavuta hewa nzito kuliko ya Mbeya, na hewa yenyewe ni ya moto. Injini iliyotulia kule juu inaweza kugonga hapa kwa petroli ileile. Weka watu watano na gunia la korosho, panda Newala ukitokea Masasi huku umeng'ang'ania gia kubwa: unaweza kusikia kama kokoto ndani ya kopo. Ni mafuta yaliyobaki silindani yanayolipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia. Mlipuko huo unavunja kingo za pistoni zinazoshika ringi na kuunguza gasketi. 1NZ ina sensa inayosikia kugonga huko na kuchelewesha moto, kwa hiyo mara nyingi hata kelele husikii. Gari linakuwa zito tu na linakunywa mafuta. Wengi huishia kubadilisha plagi na pampu, pesa ya bure.

Ushauri wetu kwa gari la barabarani: baki 10.5, na 11 iwe mwisho. 4A-FE, injini ya Toyota ya zamani yenye 9.5, inaweza kupelekwa 10 bila ugomvi. Na wewe unayengoja kufunga gesi kwa kuwa Mnazi Bay, inakochimbwa gesi, iko jirani: ni kweli gesi inavumilia kompresheni kubwa, lakini siku imekuishia utatembelea petroli. Pangia petroli.

Kabla ya kuskimu, ondoa kaboni yote, kisha laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi na upitishe fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake. Isipoingia ya mm 0.05, usiskimu. Ikiingia, kwangua kiasi cha kunyoosha tu.

Kisha pima chemba. Hedi iwe na valvu na plagi zake. Paka grisi ukingoni, funika kwa kioo cha plastiki chenye tundu dogo, mimina mafuta ya taa kwa bomba la sindano hadi kiputo cha mwisho kitoke. Andika cc za kila chemba. Zisipishane zaidi ya cc 1. Jumlisha na ujazo wa gasketi ikiwa imekazwa, nafasi kati ya pistoni na uso wa bloku, na bonde la kichwa cha pistoni kama lipo.

Uwiano ukizidi, tafuta gasketi nene zaidi. Kubandika gasketi mbili, mtindo unaopendwa sana mitaani, ni kualika maji kwenye oili. Hedi iliyokwisha kuskimiwa mara mbili tatu ni afadhali uitupe, utafute nyingine.

Ukituletea hedi karakanani, njoo na gasketi ya zamani na pistoni moja, na usivue valvu. Siku ya kufunga tunaweka plastisini juu ya pistoni, tunazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, tunafungua tena na kupima unene uliobaki chini ya kila valvu. Ukiwa chini ya mm 1.5, hatuwashi.