Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa: Ligombo nalo litengewe fungu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kamwene. Mimi ni mmoja wa wanakikundi cha ngoma hapa Iringa. Nakuandikia kwa sababu bajeti za halmashauri zetu 5 hupita mbele ya Kamati ya Ushauri ya Mkoa, na mwenyekiti wake ni wewe.

Babu yangu mzaa mama, kule Kilolo, alikuwa mpiga ligombo. Kwa vijana wasiolijua: ni mti uliochongwa bonde refu mithili ya hori, nyuzi zikakazwa juu yake, na mpigaji akaimba habari za vita, misiba na koo huku vidole vinatembea. Babu alifariki bila kuacha mwanafunzi hata mmoja. Kufundisha alitaka sana. Lakini sisi wajukuu tulikuwa mjini tunahangaikia ada, naye nauli ya kutufuata kila wiki hakuwa nayo. Basi, tukamzika na nyimbo zake.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alipita huku na mitambo yake ya kunasa sauti, akarekodi muziki wa Wahehe. Kanda zake zinatunzwa Afrika Kusini. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani, tulilidai mpaka likarudi Kalenga mwaka 1954, miaka 56 baada ya kifo chake. Sauti za wazee wetu nani amezidai? Hata boma la Wajerumani pale mjini, ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho yetu, lilikarabatiwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Nawashukuru kwa dhati. Ila naumia kwamba tunangoja mgeni atuthaminishie cha kwetu.

Najua nitaambiwa ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri, hauna riba, na dada zangu wawili wameinuka kwa kufuga kuku kupitia huo. Lakini mkopo ni deni, Mheshimiwa. Mwenye kuku atauza mayai alete marejesho. Mzee anayemfundisha mtoto ligombo kwa miaka mitatu atauza nini? Kazi hiyo inahitaji ruzuku, kama vile hatumdai mwanafunzi wa shule ya msingi arejeshe gharama ya chaki.

Halafu kuna jambo ambalo limekaa moyoni. Ofisi moja ya umma ilituita tupokee wageni. Tulifika saa 1 asubuhi, tukacheza mpaka saa 8 mchana, akina mama wengine na watoto mgongoni. Tulipewa soda. Mpambaji alilipwa, mwenye mahema alilipwa, mwenye spika alilipwa. Siku hiyo vijana wawili waliacha kikundi, na sikuwa na neno la kuwazuia.

Ninachoomba si kupunguza dawa zahanati wala madawati. Mkoa huu una mbao za Sao Hill, una chai ya Mufindi, una watalii wanaopita mjini kwenda Ruaha. Katika mapato ya ndani ya kila halmashauri litengwe fungu dogo, hata robo ya asilimia, lenye kasma yake, yaani mstari wake katika bajeti, chini ya afisa utamaduni. Lilipe posho ya wazee kufundisha shuleni Jumamosi, ngozi za ngoma, njuga, na kinasa sauti kimoja kizuri. Na kikundi kinapoitwa kwenye shughuli ya serikali, kilipwe kwa hati ya malipo kama mzabuni mwingine yeyote.

Namfahamu mzee mmoja ambaye bado anapiga. Ana miaka 81 na vidole vya mkono wa kushoto vimeanza kukakamaa. Ukipata nafasi kabla bajeti haijapitishwa, nitakupeleka kwake umsikie.

Wako katika ujenzi wa mkoa,
Mwanakikundi wa ngoma, Iringa