Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Soksi tumevaa, sasa tunaomba viti

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua mbili tulizozipitisha kwa Mlezi wa Wanafunzi hazijapata jibu, na muhula mpya unabisha hodi. Mimi ni katibu wa klabu ya wanafunzi inayoandaa Siku ya Sindromu ya Down hapa chuoni kila tarehe 21 Machi, kwa ajili ya watu waliozaliwa na kromosomu moja ya ziada, hali inayowafanya wajifunze polepole zaidi. Unaikumbuka: ndiyo ile siku uliyovaa soksi moja ya njano na nyingine ya bluu, maana soksi zisizofanana ndiyo alama ya siku hiyo, ukapiga picha nasi. Tulikushukuru, na bado tunakushukuru.

Sasa nikiri jambo. Mgeni wetu siku ile alikuwa kijana wa miaka 23 mwenye sindromu ya Down. Tulimkalisha meza kuu. Mfukoni alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, hotuba ya sentensi sita aliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Kila msemaji alipomaliza, aliitoa, akaikunjua, akaipitia kwa kidole, akairudisha. Wasemaji tulikuwa watano, wewe ukiwamo. Sote tulizungumzia ujumuishi. Kisha mshereheshaji akatangaza kwamba muda umetutupa mkono, tukapiga picha ya pamoja, tukamvisha fulana. Ratiba ile niliipanga mimi, kwa hiyo simsingizii mtu. Nilipomsindikiza hadi getini akaniuliza: “Kesho vipindi vinaanza saa ngapi?” Alidhani tumemkaribisha chuoni. Kumbe tulikuwa tumemkaribisha kwenye sherehe.

Tangu hapo nimeanza kuyasoma upya mabango yetu. Karibu yote yanasema “watoto wetu”. Watoto gani? Kule Marekani, mwaka 1983 mtu mwenye sindromu hii alitarajiwa kuishi miaka 25 hivi. Leo ni takriban 60. Mchango mkubwa umetokana na upasuaji wa moyo unaofanywa mapema, kwa sababu karibu nusu yao huzaliwa na kasoro za moyo. Maana yake mtu ana miaka mingi ya utu uzima mbele yake, na sisi bado tunamgawia maputo. (Afadhali mabango kuliko maneno ya kwenye korido, nakubali. “Taahira” bado nalisikia kwenye foleni ya kantini, tena vinywani mwa wale wale waliovaa soksi.)

Tunachoomba ni kidogo. Viti viwili katika kila moja ya kozi tatu, kwa muhula mmoja, vya wanafunzi wasikilizaji wenye sindromu ya Down: bila mtihani, bila kugusa sifa za udahili, kila mmoja akiwa na mwanafunzi mwenzake wa kukaa naye. Na nafasi moja ya kazi ya nusu siku maktabani, yenye mkataba na malipo yale yale wanayolipwa wanafunzi wengine. Posho ya huruma hatuitaki.

Swali litakaloulizwa kikaoni nalijua, maana nimeshaulizwa: “Ataambulia nini kwenye mhadhara?” Inategemea mhadhara. Wengi wenye sindromu ya Down wana upungufu wa usikivu, na maelezo marefu ya mdomo hayawakai kichwani upesi. Lakini wakionyeshwa wanashika: picha, mchoro, maneno machache ubaoni, kitu cha kushika mkononi. Mhadhiri anayesoma slaidi kwa saa mbili bila kuinua macho atawapoteza. Hata sisi anatupoteza, Mheshimiwa, ila tumezoea kutikisa kichwa.

Wala chuo chetu hakitakuwa cha kwanza. Pablo Pineda wa Hispania ana sindromu ya Down, na alisomea ualimu chuo kikuu hadi akahitimu. Shirika la Best Buddies, linalounganisha wanafunzi na watu wenye ulemavu wa akili kama marafiki, mizizi yake ni urafiki ulioanzia chuoni Georgetown, Marekani, miaka ya 1980. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 24, unataja elimu ya juu waziwazi. Hauishii shule ya msingi.

Wahadhiri watatu wamekubali kwa maandishi kuwapokea. Wazazi wa vijana wanne tumeshaongea nao, na vijana wenyewe pia, kwa sababu mara hii tulianza na wao. Mkutubi anasema hana pingamizi, mradi apate karatasi yenye saini yako. Kwa hiyo suala limebaki mezani kwako.

Ukihitaji kutuhoji, kuanzia saa nane mchana tunakuwa kwenye benchi la nje ya maktaba, kila siku ya masomo. Hotuba ya sentensi sita nimeiambatisha. Mwenyewe ameruhusu, kwa sharti kwamba uisome yote.

Wako mtiifu,
Katibu wa Klabu