Kwa Bara, uliyecheza dhumna na ndugu yangu

Yambo sana kaka.

Naanza na yambo bila ile j makusudi, manake najua alikufundisha. Alinipigia siku moja toka Eldoret, zile siku za mwanzo mkiwa makuruti, anatetemeka kwa baridi lakini anacheka, ati kuna mwenzake wa bara anajifunza Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, na akikiongea ni kama mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Nikamuuliza anaitwa nani, akasema yeye ananiita Lamu na mimi namwita Bara, basi yameisha. Hadi leo jina lako sijalijua, na hata ningelijua nisingeliandika hapa mbele za watu.

Ninachokijua ni kipande cha kadibodi. Lilipoletwa, baada ya kifo chake, lile sanduku lake la bati alilokuwa ameliacha kambini, tulifungua mimi na mama sebuleni mlango umefungwa. Kikoi kimoja, tasbihi, nusu ya sabuni ya kufulia imekauka mpaka imepasuka, kopo la halwa ambalo halina halwa limejaa sindano na uzi na vifungo vya kijani, picha ya binti yake. Na chini kabisa hiyo kadibodi, imekatwa kwenye boksi la biskuti, imepigwa mstari katikati, upande mmoja LAMU upande wa pili BARA, na vijiti vitano vitano kama vile watu wanavyohesabu magunia. Lamu 41, Bara 38. Kete zenyewe hazikuwemo. Nilizitafuta mpaka ndani ya soksi.

Kwa hivo nikajua kete mlienda nazo Somalia. Na tangu siku hiyo nina swali la kijinga ambalo sijapata wa kumuuliza, kule hesabu mlikuwa mnaandika wapi? Ama mliacha kuhesabu?

Mama hajui kusoma lakini vijiti anajua kuhesabu. Akapitisha kidole akasema mwanangu alikuwa mbele. Akaichukua, iko chini ya mto wake.

Sasa ngoja nikuambie kwa nini naandika, usije ukadhani ni lawama. Ramadhani ya mwaka ule ule wa 2016 ulipiga simu. Ilikuwa kabla ya magharibi, mama anapanga tende kwenye sahani, mimi naepua viazi karai, simu ikalia namba ngeni. Mama akaweka spika. Ukasema, "Shikamoo mama, mimi nilikuwa naye." Basi. Tukasikia mtu analia, kilio cha mwanamume, kile cha kukata pumzi, halafu ikakatika. Tulipiga mpaka adhana ya isha, ni yule mama wa kwenye mashine tu, mteja hapatikani kwa sasa. Kesho yake vile vile. Idi vile vile. Mama futari siku hiyo alikunywa maji peke yake.

Imetimia miaka 10 tangu auawe, mwezi wa kwanza uliopita, na nimeona bora niandike hapa hadharani, labda mtu anayekujua atakutumia.

Siku yenyewe unaijua kuliko mimi. Ijumaa, tarehe 15 Januari 2016, alfajiri. Huku kwetu habari zilifika watu wakitoka msikitini, na unakumbuka habari za kwanza zilisemaje, kwamba kambi iliyovamiwa na Al-Shabaab ni ya jeshi la Somalia iliyo jirani na yetu. Tukashusha pumzi. Mama akarudi jikoni kusonga. Mpaka jioni zile picha zikaanza kuingia kwenye WhatsApp, mimi nikazima data ya simu yangu na ya mdogo wangu na nikamwambia mama mtandao umeharibika. El Adde, kambi ya wanajeshi wetu wa Kenya kule Somalia. Kuna mzee jirani anayejua Kisomali akatuambia maana yake ni kisima cheupe, sijui kwa nini alituambia, nadhani alitaka tu kusema kitu.

Idadi ya waliokufa hatukuambiwa. Wewe ulikuwa huko utajua, sisi tulibaki kusikiliza, huyu aseme hivi, rais wa Somalia wa wakati ule akatoka kwenye runinga akataja kama 180 hivi mpaka karibu 200, Nairobi wakakataa, na wao wakakaa bila kutoa yao. Mtu anaweza kusema namba itakusaidia nini na mwanenu keshakufa. Lakini mimi nilitaka kujua mama yangu analia na mama wengine wangapi.

Ile ibada ya Eldoret ya tarehe 27 tuliiona kwenye runinga, Uhuru, Buhari wa Nigeria, Hassan Sheikh wa Somalia, marais watatu wamekaa, na sisi wetu hata mwili bado. Mama alipelekwa Nairobi wakampitisha pamba ndani ya shavu kwa ajili ya DNA. Aliporudi akaniuliza, wanatafuta nini mdomoni mwangu, mimi nilimzaa kwa mdomo? Mwaka uliofuata, tarehe hiyo hiyo 27 Januari na Ijumaa tena kama ile ya El Adde, ikaja Kulbiyow, kambi yetu nyingine ya Somalia iliyovamiwa, mama alipoona magari ya jeshi kwenye skrini akadhani wanarudia ya mwaka jana. Sikumsahihisha.

Naomba nikusimulie mazishi kwa sababu hukuwepo, na kwa sababu naamini kuna sehemu wewe ungecheka.

Ndege ilitua Manda, wakamvusha kwa boti. Watu walijaa gatini mpaka Mkunguni. Sasa askari walikuja na sanduku, sio jeneza letu la msikiti ambalo wanne wanaingia nalo popote, ni sanduku kubwa la mbao lina vipini vya shaba pande zote na bendera juu, na wao wamejipanga watatu huku watatu huku kama gwaride. Lamu hiyo! Unajua vichochoro vyetu, alikuwa akijisifia kwamba punda wawili wakikutana lazima mmoja arudi kinyumenyume. Kwenye ile kona ya kwetu likakwama. Kabisa. Haliendi mbele halirudi nyuma, vijana wa watu wamevaa buti wanatoka jasho, hawajui washike wapi, mmoja akakanyaga mavi ya punda akateleza akajishikilia kwenye baraza. Mzee mmoja akatoka na kofia yake akaanza kuwaamrisha, inua mkia, laza bega, pole pole mwanajeshi, kana kwamba anaingiza kabati ya bibi harusi. Na mama, ambaye alikuwa hajafungua mdomo siku mbili, nikamsikia nyuma ya buibui anatoa kisauti, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akaninong'oneza, hata amekufa hataki kuingia ndani mapema.

Likapita kwa kukwaruza. Ukutani pamebaki mstari wa rangi ya kahawia, kama urefu wa mkono hivi. Mwenye nyumba alipaka chokaa mwaka juzi, ukuta wote mweupe, ule mstari akauzunguka.

Tulikatazwa kufungua. Shekhe akasema basi, asaliwe hivyo hivyo, na nashukuru hakufanya mjadala mrefu. Makaburini walipopiga zile risasi za heshima punda wa mtaa mzima walitimka, kuna mmoja aliokotwa jioni anakula miembe ya watu.

Lakini kitu kilichonishangaza siku ile ni masufuria. Wewe ni mtu wa bara utafikiri kila mahali mwanajeshi akifa ni shujaa moja kwa moja. Huku ilikuwa na uzito wake. Baada ya shambulio la Mpeketoni, huku huku Lamu, Juni 2014, tuliwekewa kafyu, magharibi kila mtu ndani, na wavuvi wa usiku ndo basi tena, na Lamu samaki wengi ni wa usiku, kwa hivo ilikuwa njaa hasa. Mwaka uliofuata ikaja oparesheni ya msitu wa Boni. Kuna nyumba mtaani kwetu zilikuwa na uchungu na watu wa sare, na zilikuwa na sababu, sitaeleza zaidi ya hapo. Ndugu yangu akija likizo alikuwa anabadilisha nguo Mokowe kabla hajapanda boti, anavua kila kitu mpaka mkanda, anavaa kikoi na kandambili, sare anaikunja kwenye mfuko wa rambo. Nilimuuliza unaona haya? Akasema, sioni haya, naona watu. Sikumuelewa wakati ule.

Na hizo nyumba ndizo zilizoleta masufuria. Moja baada ya moja, wali, mbaazi, samaki wa kupaka, wanaweka mlangoni bila maneno. Sufuria moja ilitoka kwa mama ambaye kwa miezi hakuwa akijibu salamu ya mama yangu.

Wifi yangu alikaa eda miezi minne na siku kumi kwenye chumba cha juu, mtoto ana miaka miwili anapanda ngazi anashuka anauliza baba yuko kwenye simu? Manake baba kwake alikuwa simu. Kisha zikaanza safari za mafao. Walioana kwa kadhi, cheti kipo, lakini cheti kina Mohamed wa m moja na kitambulisho kina wa m mbili, basi hiyo m ilitupeleka Nairobi mara tatu, na kati ya hapa na Garsen mabasi yalikuwa yanasindikizwa na polisi, unakaa kiti cha dirishani unaangalia vichaka unajiuliza ni leo. Mara ya tatu ofisa mmoja kijana aliangalia makaratasi, akaangalia mtoto, akaandika kitu kidogo pembeni, ikaisha. Dakika mbili. Mimi nilitoka nje nikatapika.

Ameolewa tena, na nahodha wa boti, mtu mzuri. Watu walisema sana kama kawaida yao. Mama ndiye aliyesimamia pilau, na aliyekuja kumletea maneno alimuuliza, wewe ndo utamlipia mtoto skuli? Huyo akaenda zake.

Kila tarehe 14 Oktoba wakiadhimisha siku yao ya majeshi mama anazima runinga anaenda kuchambua mchele, hata kama hakuna mchele wa kuchambua.

Sasa wewe. Tulisikia kuna waliotoka pale kambini wakatembea porini, kuna waliofichwa na raia, kuna waliorudi wakakaa kimya. Sijui wewe ni yupi na sikuulizi. Nimefikiria sana ile simu, na nikiijumlisha na miaka kumi ya kuzima namba nafika mahali pamoja tu, kwamba unaona haya kuwa hai mbele ya mama yetu. Kama nimekosea nisamehe. Kama sijakosea, nisikilize vizuri kaka.

Hakuna mtu nyumba hii anayetaka kujua alikufaje. Wallahi. Mama aliniambia mwaka juzi, tulikuwa juu ya dari tunaanua nguo, "Yule mwana akipiga tena, mwambie aye." Aje, ndo hivyo. Nikamuuliza aje aseme nini, anisimulie vita? Akaniangalia kama mimi ndo mjinga. "Nataka kuyua alikuwa akila nini huko. Na kama alikuwa akiteka."

Kuteka ni kucheka, kwa Kiamu chetu. Lakini mimi niliyesoma magazeti yote ya mwaka ule nilisikia ile nyingine, na nguo zikanidondoka. Mama hata hakutambua.

Hayo ndo anayotaka. Chai mlikunywa na maziwa au mkandaa. Alilala upande gani. Aliswali wapi, ile halwa aliyobeba likizo ya mwisho ilifika mbali gani kabla hamjaimaliza, na je aliwaimbia, manake ana sauti mbaya na hajui. Mliendelea na dhumna? Ni 41 kwa 38 mpaka leo, au ulimpita? Kama ulimpita, njoo umwambie mwenyewe, mama atabisha lakini atafurahi, miaka kumi hajapata mtu wa kubishana naye juu ya mwanawe, sisi wote humu ndani tunakubali tu kila anachosema.

Njia ni rahisi. Basi mpaka Mokowe, halafu boti. Ukishuka gatini watakuja vijana wa watalii na mikokoteni, waambie una wenyeji, usiwape begi. Usije na sweta. Usihangaike na zawadi, na kama lazima basi majani ya chai ya huko kwenu, yale yenye nguvu.

Ukinitumia ujumbe siku unayokuja nitamtuma binti yake akupokee. Sasa ana miaka 12 na hataki kushikwa mkono. Hatujawahi kumwambia kwamba anatembea kama baba yake, ule mwendo wa kutupa mguu wa kushoto kidogo nje, tuliogopa ataanza kuufikiria akaupoteza. Wewe usimuulize mtu. Simama hapo gatini uangalie watoto wanaokuja, utamjua.