Kabla hamjaita watu wa skrepa, tubakizieni korona moja

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama ni ndefu punguza unapotaka ila la korona, zile mashine za kukwangua mkonge, usilitoe.

Barazani kwetu hapa Ngamiani tumebishana weee kwa sababu ya video inayozunguka kwenye simu, lidude la chuma la Wajerumani lina gurudumu la ndoo mbele, linatembea lenyewe linakatiza mashamba na barabara, basi kijana mmoja akadakia eti hilo lishastaafu wazungu wamelifanya la kutalii, watu hawana kazi hao, chuma chote kile si wangeuza. Kwanza niweke sawa, la kwenye video siyo lililostaafu. Lile ni Bagger 288, tani 13,500, kampuni ya Krupp ililikamilisha 1978, na safari inayoonekana ni ya 2001 lilipotolewa mgodi wa Hambach kupelekwa Garzweiler, kilomita 22 kwa muda wa wiki tatu hivi, na lilipofika likaendelea kuchimba.

Yaliyostaafu yapo mengine, upande wa mashariki ya Ujerumani karibu na mji wa Gräfenhainichen, pale mahali wanapaita Ferropolis. Ni mashine tano, ukizijumlisha uzito unafika karibu tani 7,000, zipo za kuchimba na zipo za kumwaga udongo, na wamezipa majina kabisa, Mad Max, Medusa, Gemini, Mosquito na Big Wheel. Pale palikuwa mgodi wa wazi wa Golpa-Nord, wakitoa lignaiti, yale makaa ya mawe ya rangi ya kahawia, yana maji mengi na moto wake mdogo kuliko haya meusi, kuyasafirisha mbali ni hasara tupu ndo maana kituo cha umeme kinajengwa hapohapo jirani, na cha pale kilikuwa Zschornewitz.

Mimi kazi yangu ni kuchomelea, kwa hiyo vitu kama hivi naviangalia kwa jicho lingine. Ile ya gurudumu, ndoo zinakwangua ukuta wa udongo huku gurudumu linazunguka, ndoo ikifika juu inajimwaga kwenye mkanda na mkanda unapeleka nyuma, bila kusimama, usiku na mchana. Halafu haitumii dizeli! Inavuta umeme kwa kebo inayoburutwa nyuma yake. Na inabidi ikae kwenye minyororo mipana kama ya katapila, tena mingi, la sivyo uzito wote ule ungezama kwenye udongo laini wa mgodi. Aliyepiga hesabu ya kuifanya isipinduke alikuwa fundi hasa.

Sasa 1991 mgodi ukafungwa. Kumbuka Ujerumani mbili zilikuwa zimeungana mwaka mmoja tu nyuma, migodi ya lignaiti upande wa mashariki ikafungwa mfululizo, watu kwa maelfu nyumbani, na mashine nyingi za aina hiyo ziliangushwa kwa baruti kisha zikakatwa vipande. Hizi tano nazo zilikuwa zinasubiri zamu yao. Ila watu wa Bauhaus, taasisi ya usanifu kule Dessau, wakang'ang'ania zibaki, 1995 ikaanzishwa Ferropolis, shimo la mgodi wakalijaza maji likawa ziwa na mashine zikapangwa kwenye rasi kuzunguka uwanja. Leo panapigwa muziki pale, kuna tamasha la hip hop linaitwa splash! na vijana wanajaa kwa maelfu chini ya vyuma vya mgodi. Kwa hiyo yule kijana wetu ajue kwamba tiketi zinauzwa, hawajakaa kutazama kutu.

Kuna na lingine, F60 la Lichterfeld, siyo la kuchimba bali ni daraja la kubebea udongo, urefu wake mita 502, yaani ukilisimamisha linaupita mnara wa Eiffel mbali sana. Hilo lilifanya kazi mwaka mmoja na kitu tu, 1991 hadi 1992, mgodi ukafa. Leo wageni wanapandishwa juu zaidi ya mita 70 wakiongozwa na mtu wa kuwaeleza.

Lakini Mhariri mimi sisifii mgodi. Pale Golpa-Nord palikuwa na kijiji kinaitwa Gremmin, watu wakahamishwa kikachimbwa chote, na ziwa lenyewe leo linaitwa kwa jina la kijiji hicho. Ukiitunza mashine na hilo linabaki la kuulizwa, kilikwenda wapi kijiji. Ukiiyeyusha hakuna wa kuuliza.

Turudi kwetu Tanga. Mkonge uliingia 1893, Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ikafika mizima 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na mwaka huohuo ndo reli ikaanza kujengwa kutoka hapa mjini. Kufikia 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Halafu kamba za plastiki zikaja, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakarudi msitu na viwanda vyake vikabaki magofu, ukienda Muheza au Korogwe unaviona. Ndani kuna korona, au ilikuwepo. Hizo ndo mashine zilizokuwa zinakwangua majani ya mkonge mpaka singa inabaki, maji yanamwagika, kelele hamsikilizani, na wapo wazee mtaani wenye vidole pungufu kwa sababu yake. Waliokata majani hayo ni manamba, waliletwa kutoka Kigoma, Songea, mpaka Burundi na Msumbiji, wajukuu zao ndo sisi tunaojaza mabaraza ya Tanga leo.

Korona siyo lidude la tani elfu, ukiikata kwa gesi siku chache inaisha, mie mwenyewe nimeshaitwa kwenye kazi za namna hiyo nazijua. Na siwalaumu wenye viwanda, chuma kina bei, na mtu hawezi kufuga kutu kwa mapenzi tu. Ombi langu ni dogo, kati ya zote zinazouzwa ibaki moja, nzima, na mota yake na mkanda wake, siyo gamba tupu. Makumbusho ya Urithi pale Boma la Mjerumani tunayo tayari, na kama haiingii mlangoni basi iachwe kiwandani hukohuko ipigwe bati juu. Apewe mzee mmoja aliyeiendesha, alipwe posho, aeleze wageni na watoto wa shule, tena aeleze yote, na ya vidole pia. Wazee hao wanapungua Mhariri, hiyo sehemu haina spea.

Sasa naomba gazeti lituulizie halmashauri na wenye mashamba, ni korona ngapi bado zimesimama mkoa huu na ipi inauzwa karibuni. Kazi ya kuihamisha ikitokea, kuchomelea nitafanya bure, gesi tu ndo mtanunua.

Fundi wa kuchomelea,
Ngamiani, Tanga